Hassan si Hussein: acheni kupima majina yetu kwa kipimo cha Kiingereza

Leo sina habari ya simu mpya wala ya programu mpya. Leo nina hasira, na wanaonizomea kwamba blogu hii imekuwa ya kusifia mashine tu watafurahi, kwa sababu leo naisema vibaya mashine. Kwa hakika nawasema vibaya watu wa fani yangu mwenyewe, tuliosomea sayansi ya kompyuta tukarudi nyumbani na vyeti bila akili.

Kisa ni hiki. Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Griftu, kule Wajir Magharibi. Mama mmoja jirani akanijia na karatasi mbili. Ana mapacha, wavulana, na kama ilivyo kawaida kwetu mapacha wa kiume wakaitwa Hassan na Hussein. Shule moja, darasa moja, jina la baba moja, tarehe ya kuzaliwa moja. Wote wawili waliomba basari. Hassan akapata. Hussein hakukataliwa, wala hakuwekwa kwenye orodha ya kusubiri. Hakuwepo kabisa.

"Eeddo," akaniambia, "si wewe ndiye ulisomea mashine?"

"Ndiyo, eeddo," nikamjibu. (Kwa Kisomali shangazi na mtoto wa ndugu yake huitana kwa neno lilelile, msishangae.)

"Basi iulize mashine yako. Siku ile mimi nilizaa watoto wangapi?"

Nilienda kuuliza. Ofisi siitaji, na karani alinipokea vizuri, hata chai nilipewa. Akanieleza kwamba orodha "ilisafishwa" na programu waliyotengenezewa na kijana mmoja, ili kuondoa watu walioomba mara mbili. Nikaomba kuona kanuni yake. Wadau, nilipoiona nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka mama anasubiri nje.

Kanuni yenyewe ni Soundex.

Soundex ni nini?

Kwa wasioijua: ni njia ya kugeuza jina kuwa msimbo mfupi, ili majina yanayotamkwa karibu sawa yapate msimbo mmoja hata yakiandikwa tofauti. Iliundwa Marekani na Robert Russell na Margaret Odell, na hataza zake ni za 1918 na 1922. Inafanya kazi hivi:

1. Herufi ya kwanza ya jina inabaki kama ilivyo.
2. Irabu zote zinatupwa, pamoja na h, w na y.
3. Konsonanti zilizobaki zinapewa tarakimu kwa makundi: b, f, p, v ni 1, c, g, j, k, q, s, x, z ni 2, d na t ni 3, l ni 4, m na n ni 5, r ni 6. Tarakimu moja ikifuatana papo hapo huhesabiwa mara moja.
4. Unachukua tarakimu tatu. Zikipungua unajaza sifuri.

Haya, chukueni kalamu. Hassan: H inabaki, ss ni 2, n ni 5, jaza sifuri. H250. Hussein: H inabaki, ss ni 2, n ni 5, jaza sifuri. H250.

Mmeona? Msimbo mmoja, baba mmoja, tarehe moja. Programu ikasema huyu ni mtu yuleyule kajaribu kuomba mara mbili, ikamfuta wa pili kwa alfabeti. Hussein akapotea kwa sababu irabu zake zilitupwa.

Sasa kichekesho cha pili. Katika orodha ileile nilimkuta mtoto mwingine ametengewa fungu mara mbili. Mwalimu alimwandika Ali. Mahali pengine ameandikwa Cali, kwa tahajia ya Kisomali. Ali ni A400, Cali ni C400. Herufi ya kwanza haifanani, kwa hiyo mashine ikaapa kwamba hao ni watu wawili.

Ndugu wawili wamefanywa mtu mmoja, na mtu mmoja amefanywa wawili. Hiyo ndiyo "kusafisha data".

Kipimo kilishonewa nani?

Soundex si ya kijinga. Ni nguo nzuri iliyoshonewa mtu mwingine. Ilishonewa majina kama Smith na Smyth, yote S530, na kwa Kiingereza irabu ni kitu cha kuyumbayumba. Angalia maneno yao wenyewe: "though" ni ingawa, "through" ni kupitia, "tough" ni gumu, "cough" ni kukohoa, "bough" ni tawi la mti. Herufi nne za mwisho ni zilezile, matamshi matano, maana tano. Mtu mwenye lugha kama hiyo ana haki ya kutoziamini irabu zake na kuzitupa.

Na hata kwao haileti miujiza. "Bat" (popo), "bed" (kitanda), "boat" (mashua) na "body" (mwili) yote ni B300. Herufi zimekaribiana, maana haziamkiani hata kwa salamu.

Sasa lete kipimo hicho kwenye Kiswahili. Baba ni B100. Babu ni B100. Bibi ni B100. Bubu naye ni B100. Kaka ni K200 na kuku ni K200, pamoja na kisu na keki. Ukoo mzima umeingia kwenye tundu moja na kuku wao na kisu cha kuwachinjia! Kwetu sisi irabu ndizo zinazobeba maana. Ukiitupa irabu ya Kiswahili umetupa nyama ukabaki na mfupa.

Halafu kuna Kisomali. Mwaka 1972 Somalia ilichagua rasmi alfabeti ya Kilatini. Waliotengeneza tahajia ile walikuwa na akili ya kiuhandisi: badala ya kubuni alama mpya walichukua herufi ambazo hawakuzihitaji wakazipa kazi. X ikapewa ile H nzito ya kooni, na C ikapewa sauti ya ayn, ile ya mwanzo wa jina Ali kama msomaji wa Kurani anavyolitamka. Ndiyo maana upande mmoja utaona Xasan, Cali, Cabdi, Cumar, Xalima, na upande huu wa Kenya, ambako majina yaliandikwa na makarani kwa mazoea ya Kiingereza na Kiswahili, utaona Hassan, Ali, Abdi, Omar, Halima. Mdomoni ni majina yaleyale. Kwa Soundex hayajawahi kukutana: Mohamed ni M530, Maxamed ni M253.

Nimewahi kusikia watu Nairobi wakiicheka X ya Xasan. Jamani! X ya Kiingereza kwenye "box", "exam" na "xylophone" ina sauti tatu tofauti. C yao kwenye "cat", "city" na "ocean" pia ni tatu. X ya Kisomali ina sauti moja tu, haibadiliki. Nani anapaswa kumcheka mwenzake?

Mji wetu wenyewe, niongeze, huandikwa Griftu na pengine Giriftu. Nimepiga hesabu: yote mawili ni G613. Mji una bahati kuliko watoto wake.

Chombo cha kutafuta si hakimu

Hapa ndipo penye hoja yangu kubwa, naomba msome polepole.

Katika miaka ya 1930 Marekani ilianzisha mpango wa pensheni, sheria yake ni ya 1935. Wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo hawakuweza kuthibitisha umri wao. Serikali ikatengeneza kadi za Soundex za sensa za zamani, ikiwemo ya 1880, ambayo waliingiza kaya zenye watoto wa miaka kumi kushuka chini. Mzee akija, karani anafungua droo ya msimbo wake, anapitia kadi kwa macho yake, anaangalia jina, wazazi na mahali, mpaka ampate yule mtoto wa 1880 ambaye sasa ni mzee mbele yake.

Soundex ilitumika ili mtu asiye na karatasi APATIKANE. Ilikusanya kadi zinazofanana, kisha mtu mwenye macho akaamua. Haikufuta kadi ya mtu yeyote.

Sisi tumechukua chombo hichohicho, tukamwondoa karani, tukaweka amri ya kufuta. Kilichotengenezwa kumtafuta mzee kikatumika kumpoteza mtoto. Kosa hilo si la Russell wala Odell. Ni la programa aliyeikuta kanuni hiyo tayari ndani ya hifadhidata, maana MySQL, Oracle na SQL Server zote zinakuja nayo, akaandika neno moja, akapokea hundi yake, akaenda.

Najua mtakavyonijibu

*"Waandike majina yao vizuri, wachague tahajia moja."* Nani wachague? Mtoto huyu jina lake liliandikwa na muuguzi kliniki, na mwalimu shuleni, na karani ofisini, kila mmoja kwa sikio lake. Mama hakuulizwa. Isitoshe Shakespeare mwenyewe, huyo tunayekaririshwa, sahihi zake zilizobaki hazina tahajia moja. Hakuna aliyemnyima kitu.

*"Watu hudanganya, wanaomba mara mbili."* Kweli, wapo. Ndiyo maana sisemi programu isitafute majina yanayofanana. Nasema itafute, ikinyoshee kidole, kisha mtu aangalie. Tofauti kati ya kuweka alama na kufuta ni mstari mmoja wa programu, na ni karo ya mwaka mzima ya mtoto.

*"Tumia alama za vidole, tumalize mjadala."* Ninyi hamjaishi kwetu. Huku kuna Wakenya ambao wazazi wao, wakati wa ukame, waliwaandikisha utotoni kama wakimbizi kwenye kambi za Dadaab ili wapate chakula na shule. Walipofika miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho, mashine ikasema kidole hiki kimo kwenye orodha ya wakimbizi. Wakanyimwa, wengine kwa miaka. Kidole kilikuwa sahihi kabisa. Maana iliyotolewa kwenye kidole ndiyo ilikuwa ya uongo. Ni ugonjwa uleule: alama imefanana, basi mtu amehukumiwa.

Tufanye nini?

Sipendi mtu anayelalamika bila kuleta programu yake, kwa hiyo haya ndiyo niliyomwachia karani:

1. Usifute kamwe kwa msimbo wa sauti. Weka alama, toa orodha, mtu asome. Waombaji wa eneo moja ni wachache, kazi hiyo ni ya alasiri moja.
2. Tengeneza kipimo chetu. Kwa kulinganisha tu, geuza x kuwa h, ondoa c ya mwanzo inapofuatwa na irabu, na herufi pacha ziwe moja. Irabu USITUPE. Xasan na Hassan vyote vitakuwa hasan, Hussein atabaki husein. Cali na Ali watakutana. Narudia, ni kwa kulinganisha tu. Jina la mtu liandikwe alivyolileta, na ukikutana na Catherine akili yako ifanye kazi.
3. Usitegemee kuhesabu herufi zilizobadilika pia. Halima na Salima wanatofautiana herufi moja, na ni wasichana wawili. Xasan na Hassan wanatofautiana mbili, na ni mtu mmoja.
4. Linganisha majina yote matatu, la mtoto, la baba na la babu, kisha ongeza jina la mama. Kwetu hakuna jina la ukoo la kizungu, na fomu inayolidai inawafanya ndugu wote wa boma moja wafanane.
5. Swali kuhusu mapacha liwe kwenye fomu. Kisanduku kimoja tu. Hakigharimu kitu.

Nilipima kipimo hicho kwenye orodha ileile, mimi na karani tukiwa tumekaa pamoja. Ali akarudi kuwa mmoja. Hussein akatokea. Karani akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo limenikera kuliko yote: fedha za awamu ile zilikwisha kugawanywa. Fungu la pili la Ali ndilo lingemtosha Hussein. Ameandikwa kwa awamu ijayo, na kwa sasa mama anauza mbuzi.

Programa wenzangu, hasa mliotoka kaskazini kama mimi: tuliondoka nyumbani kwenda kusomea vitu hivi ili tuwe macho ya watu wetu ndani ya mashine. Tukirudi na kipimo cha Smith na Smyth bila hata kukigeuza, tumesomea nini? Kabla hujaandika amri ya kufuta, andika kwanza jina la mama yako kwa tahajia zote unazozijua, uone mashine yako itamhesabu mara ngapi.

Yule mama nilimjibu swali lake kabla sijaondoka. "Wawili, eeddo. Mashine imekubali."

Akaniangalia tu. "Mimi nilijua," akasema.