Kabla Hujatuma Hela ya "Kiti cha Bosi"

Sisi tunaofanya kazi nje, orodha zetu zinafanana. Ukitaka kumfungulia mdogo wako biashara nyumbani unaandika: kodi ya fremu miezi sita, leseni, rangi, bango, meza, mtaji wa kuanzia. Kama ni wakala wa pesa za simu, unaongeza floti. Kama ni steshenari, unaongeza kompyuta na mashine ya fotokopi. Mwisho kabisa, hela ikiwa imeshakatika, ndipo mtu anakumbuka kuuliza: huyu mwenye duka atakalia nini?

Hapo huwa kuna majibu mawili. La kwanza, anabeba kiti cha plastiki kutoka sebuleni. La pili, unapokea picha kwenye simu: kiti cheusi, kikubwa, kinang'aa, mgongo mrefu hadi juu ya kichwa, na sauti inayosema, "Kaka, hiki ndicho cha ofisi, kinazunguka, nitumie hela."

Maoni yetu ni kwamba majibu yote mawili ni hasara. Anayekaa saa nane au kumi kwa siku kukulindia mtaji wako anahitaji kiti cha kazi, na kiti hicho kinatakiwa kiingie kwenye bajeti siku ileile unayoandika meza na bango. Kile cha plastiki hakikutengenezwa kwa saa kumi. Kile cha bosi kilitengenezwa kwa ajili ya macho ya wageni.

Tuanze na mgongo, maana ndio mtaji wenyewe. Wewe unayebeba saruji Doha, au unayeinama kusugua sakafu Muscat, unajua kiuno kikikataa siku moja kinachukua nini. Wengi wetu tunadhani aliyekaa kitako yeye anapumzika. Si hivyo. Katika miaka ya 1960 daktari wa mifupa wa Sweden, Alf Nachemson, alipima shinikizo ndani ya diski zilizo kati ya pingili za mgongo. Alikuta kwamba mtu aliyekaa bila kuegemea anazibana diski hizo kuliko mtu aliyesimama. Vipimo vya baadaye vimebishana kuhusu kukaa wima na kusimama, lakini kukaa umeinama mbele, kama anavyoinama mtu anayeandika kwenye daftari la miamala, kumeendelea kuonekana kuwa mzigo mkubwa. Na Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba hakuna tatizo lingine linalowalemaza watu wengi zaidi duniani.

Kwa lugha ya hesabu maana yake ni hii: duka lenye mtu mmoja, mtu huyo akilala siku tano kwa kiuno, duka limefungwa siku tano. Kodi ya fremu haisubiri. Na hela ya dawa itaombwa kwako.

Sasa tuje kwenye hicho kiti cha bosi. Ukikitazama vizuri utaona kimejengwa kwa mtu anayeegemea nyuma na kuzungumza. Mdogo wako haegemei nyuma. Anaegemea mbele kwenye kaunta, anahesabu noti, anaandika, anachomeka karatasi. Mgongo ule mrefu haumgusi kabisa. Mikono ya kiti haipandi wala haishuki, kwa hiyo ama inagonga meza na kumweka mbali nayo, ama inamwinua mabega siku nzima. Ngozi yake mara nyingi ni ya bandia, na kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa mtu anatoka jasho mgongo mzima, na baada ya muda ile ngozi inaanza kubanduka vipande vipande. Sponji inabonyea katikati. Kinachobaki ni sura ya bosi na kiuno cha kibarua.

Kiti kinachofaa hakihitaji kuwa na sura. Kinahitaji kupita vipimo vichache, na mtu yeyote nyumbani anaweza kuvipima kwa futi ya fundi.

Kwanza, urefu wa kukalia. Mwambie avae viatu vya kazini, akae, mtu apime kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Kipimo hicho ndicho urefu anaouhitaji: nyayo zitue zote chini, mapaja yalale sawa. Miguu ikining'inia, ukingo wa kiti unabana mapaja na miguu inakufa ganzi. Ndiyo maana kiti cha kupanda na kushuka ni bora, hasa kama duka lina watu wawili wanaopokezana.

Pili, kina cha kukalia. Akikaa hadi mwisho, mgongo umegusa egemeo, kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vipite vidole viwili au vitatu. Visipopita, kiti ni kirefu mno kwake. Ataishia kukaa kwenye ncha kama mgeni msibani, na egemeo ulilolilipia litakuwa la bure.

Tatu, egemeo. Liwe na uvimbe kidogo unaotua pale kiuno kinapoingia ndani, na likiwa linapanda na kushuka ni vizuri zaidi. Kwenye nchi za joto, egemeo la neti linampitisha mtu hewa kuliko ngozi.

Nne, miguu ya kiti chenye magurudumu iwe mitano. Yenye minne inapinduka kirahisi mtu akiegemea pembeni.

Tano, meza. Kiti kizuri kwenye kaunta ya kusimamia ni hela iliyotupwa. Akikaa, viwiko viwe karibu sawa na juu ya meza na mabega yamelegea. Ikibidi kiti kipande ili kufikia meza, basi pawe na kipande cha ubao au kreti la kukanyagia.

Na hapa tuseme kitu ambacho wauza viti hawatakwambia: kiti cha ofisi si cha kila kazi. Fundi wa cherehani ya kukanyaga ukimpa kiti chenye magurudumu, kila akikanyaga kiti kinarudi nyuma. Mikono ya kiti nayo inamzuia kugeuza kitambaa. Huyu anafaa kutengenezewa kiti cha miguu imara na seremala, Keko au Gikomba au mtaani kwake, kwa kipimo cha goti lake, chenye egemeo dogo la kiunoni na mto mgumu kidogo. Hela itakuwa ndogo na faida kubwa. Na anayekaa saa moja tu kwa siku, kama mama anayepika na kukaa kidogo wateja wakipungua, kiti cha plastiki na khanga iliyokunjwa nyuma ya kiuno vinamtosha. Hatumwambii mtu anunue asichohitaji.

Tufanye hesabu ya mfano, ubadilishe namba kwa bei za kwenu. Tuseme kiti cha bosi ni shilingi 150,000 za Tanzania na kinadumu mwaka mmoja. Kiti imara cha kazi, kilichotumika, ni 420,000 na kinadumu miaka saba. Cha kwanza kinakula 12,500 kwa mwezi. Cha pili kinakula 5,000 kwa mwezi, ambayo kwa siku 26 za kazi haifiki shilingi 200 kwa siku. Kwa miaka saba, viti vya bosi vitakuwa vimemeza 1,050,000. Sisi wahasibu tunaita uchakavu. Bibi zetu walisema rahisi inavunja upishi. Na hapo hatujahesabu siku hata moja ya kiuno.

Lakini 420,000 kwa mkupuo ni nyingi, tunajua. Iweke ndani ya mtaji wa kuanzia, si nje. Kama hela haitoshi, punguza bango au rangi ya ukuta, kiti kisiguswe. Au tenga kidogo kidogo kwa miezi minne au mitano, na kwa kipindi hicho atumie kiti chochote chenye urefu unaofaa pamoja na khanga ya kiunoni na ubao wa miguu.

Vilivyotumika vinapatikana hapa tulipo. Ofisi za miji ya Ghuba, London na Marekani zinapohama au kufunga, viti vizuri vinauzwa kwa sehemu ndogo ya bei yake. Dubai na Sharjah kuna maduka mengi ya samani zilizotumika. Ukikutana na Aeron ya Herman Miller, ile ya neti iliyotoka mwaka 1994, ujue kampuni yake hukipa kiti kipya dhamana ya miaka 12, kwa hiyo kilichotumika miaka michache bado kina maisha. Ina saizi tatu, A, B na C, kwa hiyo usimnunulie mdogo wako mwembamba ile ya C kwa sababu tu ni kubwa. Jihadhari pia na za kuiga.

Popote unaponunua, kipime. Kaa juu yake dakika tano ukiwa umetulia. Kikishuka chenyewe, gesi imekwisha. Kigeuze chini utazame kama kuna ufa kwenye miguu. Zungusha kila gurudumu. Jaribu kila kishikio, kwa sababu kishikio kilichokufa maana yake ni kiti kisichorekebishika.

Kuhusu kukisafirisha: kiti kimoja peke yake, ukijumlisha kagoo, ushuru, VAT na gharama za bandari, mara nyingi hakilipi. Kinalipa kama unachanganya mzigo na wenzako, au kama unarudi nyumbani moja kwa moja. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa anayehamisha makazi nafuu kwa vitu vyake vya nyumbani, kwa masharti. Ongea na wakala wa forodha kabla ya kufunga mzigo, usiongee naye mzigo ukiwa bandarini. Ikiwa humo kwenye kundi hilo, mwambie ndugu yako atafute kilichotumika hukohuko Dar au Nairobi, akupigie picha kikiwa kimepinduliwa chini juu.

Tunajua kuna msomaji ameshakasirika. "Mimi mchana nakalia ndoo ya rangi, napiga pasi nimesimama hadi saa tano usiku, halafu mnaniambia nimnunulie mdogo wangu kiti cha kurekebisha?" Hasira hiyo ina haki yake, na hatuipuuzi.

Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, kiti kile hakinunuliwi kama zawadi ya raha. Unakinunua ili yule unayemtegemea arudishe mtaji wako, nawe urudi nyumbani mapema, mgongo wako ukiwa bado unakunjuka. Pili, hata sisi tuna haki ya kukaa, na tuanze kuisema. Jirani zetu wa kazini kutoka Kerala wanaijua habari hii: wanawake wauza maduka wa jimbo lao walipigania kuruhusiwa kukaa wakati hakuna mteja, na mwaka 2018 sheria ikabadilishwa ili waajiri wawape mahali pa kukaa. Uingereza, kanuni za mwaka 1992 zinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wa kompyuta kiti kinachorekebishika, na pa kuwekea miguu akihitaji. Ulioko huko na umehama kutoka usafi kwenda mapokezi au kituo cha simu, usinunue kiti kwa mshahara wako, kiombe.

Kwa dada wa kazi za ndani, ombi linaweza kuwa dogo na lisilomtisha mwenye nyumba: stuli ndefu ya jikoni ya kukatia mboga na kupigia pasi. Msemee kwa faida yake. "Madamu, nikikaa kidogo wakati wa pasi, jioni nitakuwa na nguvu ya watoto." Wapo watakaokataa. Wapo watakaokubali kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia. Kwa kaka wa saiti, ndoo ikitiwa ubao mpana juu na kuwekwa karibu na ukuta wa kuegemea tayari imekuwa kiti tofauti.

Jambo la mwisho ni la bure. Hakuna kiti kinachoondoa madhara ya kukaa bila kuinuka. Hata mwenye Aeron ainuke kila nusu saa, apange bidhaa, afagie mlango, amsindikize mteja. Mwambie mdogo wako hilo kabla hujatuma hata shilingi.

Kwa hiyo picha ya kiti ikija wiki hii, usijibu bei. Jibu kwa maswali matatu: goti lako lina sentimita ngapi kutoka chini, meza ina urefu gani, na unakaa saa ngapi kwa siku? Akikujibu, mtumie hela ya kiti kinacholingana na majibu hayo. Asipojua, mtumie kwanza hela ya futi.