Siku ya Ishirini na Nane

Ndugu waamini, kila alfajiri vijana wa Mukuru husimama nje ya malango ya Eneo la Viwanda, Nairobi, wakingoja kuitwa. Twaambiwa kazi hakuna. Basi nani aliyeachishwa siku ya ishirini na nane, akaitwa tena juma lililofuata? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akitimiza mwezi wa kazi mfululizo ahesabiwe mwajiriwa wa mwezi. Ndicho kinachokwepwa! Naye msimamizi adaiye chochote langoni (nasema kwa uchungu) Jumapili huketi nasi kanisani. Papa Leo XIII alikwisha kutuonya mwaka 1891: ujira uliodhulumiwa hulia mbinguni. Viongozi wa Jumuiya, fungueni daftari; andikeni siku za kila kibarua, mzilete parokiani.