Panya wakijaa mu shamba: wanagombania kuzaa, na sisi tunalipa mbegu

Kila mara mvua inaporudi, swali kutoka kwa walimaji ni lile lile: juu ya nini panya wanarudi, hata nyuma ya kuwaua wengi? Mtu anapanda mahindi leo, kesho kutwa anakuta vishimo vidogo kwenye mistari, mbegu imefukuliwa. Anaenda ku soko kununua dawa, anaua panya ishirini, anafurahi. Nyuma ya miezi michache wamejaa tena, na franga za dawa zimeisha.

Wengine wanasema ni panya wa kutumwa. Hapana. Jibu liko katika namna panya wenyewe wanavyogombania fasi, chakula na uzazi wanapokuwa wengi, na namna wanavyopata nafuu tukiwapunguza nusunusu.

Panya tunayemuongelea

Ni yule panya mdogo wa kahawia anayeishi mu mashamba, mu vichaka vya mashamba yaliyolala, na wakati mwingine anaingia mpaka ndani ya nyumba. Wataalamu wanamuita Mastomys natalensis. Yuko karibu Afrika yote kusini mwa jangwa la Sahara, na Kongo pia. Jike anaweza kuwa na matiti hadi 24. Anabeba mimba kama siku 23, na kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja si ajabu kwake.

Aliyechunguzwa sana ni wa Morogoro, Tanzania. Pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji wamekuwa wakitega kila mwezi tangu 1994, kwenye kiwanja cha hekta 3. Wanamkamata panya, wanamtia alama, wanamuachilia, kisha wanaangalia kama atarudi mu mtego. Kwa njia hiyo wanajua nani amekufa, nani amekomaa, nani ameanza kuzaa. Kwa hekta moja, panya wanaweza kuwa wachache kama 20, na mwaka mwingine wakapita 300.

Mu 1997, Herwig Leirs na wenzake waliandika mu jarida la Nature kwamba mambo mawili yanatawala hesabu hiyo kwa pamoja: mvua, na wingi wa panya wenyewe. Mvua inaleta majani na mbegu, vijana wanakomaa na kuanza kuzaa. Lakini wingi wao nao unagusa nafasi ya kila mmoja ya kuishi, na mwendo wa vijana kukomaa. Kwa maneno mengine, panya ni adui wa panya kabla hajawa adui wetu.

Breki inayochelewa

Hapa njo penye shida yetu. Si panya wote wanashindana kwa namna moja.

Huko Ulaya, Poland na Finland, kuna panya mdogo wa pori ambaye jike wake anashika kipande chake cha ardhi na kufukuza majike wengine. Vipande vikiisha kukamatwa vyote, majike vijana wanabaki bila kukomaa, hata kama umri umefika. Kuna hata majike wanaoua watoto wa jirani. Ni ukatili, lakini matokeo yake ni breki: hata panya wakiwa wengi, majike wanaozaa hawapiti idadi ya vipande vilivyopo.

Panya wa mashamba yetu hana tabia hiyo. Maeneo yao yanaingiliana, jike huyu anapita fasi ya yule bila vita kubwa. Dume halindi jike mmoja. Anazunguka, anapanda wengi, na majike nao wanapokea madume mengi. Vipimo vya damu ya ukoo vimeonyesha kwamba watoto wa mimba moja wanaweza kuwa na baba tofauti. Ushindani wa madume unaendelea mpaka ndani ya tumbo la jike, na haumzuii jike kuzaa.

Kwa hiyo breki ya panya huyu inachelewa. Inashika wakati chakula kimepunguka na vifo vimeongezeka. Kwa mulimaji, wakati huo ni nyuma ya hasara. Mu Tanzania, watafiti wanakadiria kwamba panya wanakula asilimia 5 hadi 15 ya mahindi kila mwaka, na pigo kubwa linakuja siku za kupanda na za kuchipuka. Atakayengoja panya wamalizane wenyewe atangoja bila mbegu.

Kuua nusu ni kuwapa nafasi

Tuseme shamba liko na panya 200 na chakula ni kidogo. Mulimaji anaua 100. Wale 100 waliobaki wamepata nini? Wamepata chakula mara mbili na mashimo matupu, na wenye kugombania wamepunguka. Vijana waliokuwa wanangoja wanakomaa. Kama mvua imeshaanza, jike mmoja tu analeta kumi wengine mu wiki tatu na siku mbili.

Tena kuna majirani. Mu Marekani, jimbo la Indiana, Charles Krebs na wenzake walifanya jaribio lililotoka 1969. Walizungushia uzio kipande cha majani chenye panya wa pori, wasiweze kuhama. Panya wale waliongezeka mpaka kama mara tatu ya wale wa nje, wakamaliza majani. Fundisho ni hili: kuhama ni mlango wa kupunguza msongamano. Panya anayesongwa kwa jirani anatafuta fasi tupu, na fasi tupu ni lile shamba ulilosafisha peke yako.

Kwetu mashariki, jambo hili lina uzito wake. Vita inakimbiza watu, mashamba yanalala saizoni moja, mbili, tatu, yanajaa majani. Familia inaporudi, inapanda kipande kidogo katikati ya vichaka vilivyojaa panya. Mbegu yenyewe mara nyingi ni ya deni. Ni kama kuweka chakula mezani katikati ya wenye njaa.

Tufanye nini?

Kwanza, wakati. Piga panya wakiwa wachache na kabla mvua haijaanzisha uzazi, yaani mwisho wa kiangazi, si siku unapoona mbegu imefukuliwa. Mvua ikija mapema na kwa wingi, jueni kizazi cha ziada kinaweza kufuata.

Pili, umoja. Mitego ya mtu mmoja haitoshi. Kijiji au kilima kizima kitege wiki moja, kikate majani ya kando ya mashamba, kichimbue mashimo.

Tatu, chakula. Mavuno yaliyomwagwa chini ya nyumba yanaondoa ile breki kabisa, kwa sababu panya hana tena cha kugombania. Weka mahindi na maharagi ndani ya pipa au kidumu kinachofungwa, au juu ya gala lenye miguu iliyofunikwa kwa bati.

Nne, angalisho kwa dawa. Sumu ya ku soko isiyo na maandishi inaua pia kuku, mbwa na watoto. Isichanganywe mu sahani ya nyumbani.

Kwa ndugu zetu wa Ituri, upande wa Aru, Mahagi na Djugu, kuna neno la ziada. Tauni bado iko. Mu 2020 ilipiga tena zoni ya afya ya Rethy. Ugonjwa huo unabebwa na viroboto vya panya, na panya akifa, kiroboto kinatafuta damu nyingine. Ukiona panya wanakufa wenyewe ndani ya nyumba, usiwashike kwa mikono, na usianze kuwaua wengine kabla ya kuwajulisha watu wa afya, kwa sababu viroboto vinapaswa kupigwa kwanza. Homa kali pamoja na uvimbe wenye maumivu kwenye kinena au kwapa, kimbilieni centre de santé siku hiyo hiyo. Dawa ziko na zinaponya, ila hazipendi kuchelewa.

Panya wana mashindano yao. Sisi tukitega kila mtu kwake na siku yake, tunawasaidia walioshinda. Tukitega pamoja, kabla ya mvua, mbegu itabaki mu udongo.