Dola mia nne, siku ya kuzaliwa, na zabibu za Dodoma



Siku moja ya likelemba katika mwezi wa saba, hapa kwetu Kalemie, mmoja wetu alipokea zamu yake, akahesabu, akafunga pesa kwenye kikwembe na kusema mbele ya wote: «Hii haiendi sokoni. Mimi na baba watoto tunakwenda Dodoma kuona zabibu.» Kimya kikaingia. Halafu maneno yakaanza, na mpaka leo hayajaisha, ndiyo maana tunayaleta hapa.

Tuseme kwanza wao ni nani, bila kutaja majina. Yeye anauza ndagala, mume wake ni fundi wa magari. Baba alikuwa anatimiza miaka 50 katika mwezi wa nane, na mama amezaliwa juma lile lile. Wana watoto sita. Kwa miaka 24 ya ndoa walisafiri pamoja mara tano: mara nne kwenda matanga, mara moja kumpeleka mtoto hospitali. Alipotuhesabia hivyo, wengi wetu tulianza kuhesabu safari zetu kimoyomoyo.

Lakini maswali yalikuwa ya haki. La kwanza: masomo yanafunguliwa Septemba, na mwezi wa nane ndio mama wa watoto anakosa usingizi. Kikundi kilimwambia wazi: lipa kwanza sehemu ya kwanza ya pesa ya masomo kwa wale wawili wa sekondari, leta karatasi tuione, ndipo uondoke. Alileta karatasi. La pili: mkristo anafuata nini kwenye shamba la divai? Tutarudi hapo. La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni ziwa.

Pesa ilikuwa hivi. Sisi ni wamama 16, kila mmoja anatoa dola 20 kwa mwezi, basi zamu ni dola 320. Baba aliongeza 80 kutoka kazi yake. Jumla 400. Waliigawa katika bahasha, na walianza na ile ya kurudi: dola 110, wakaishona ndani ya mfuko wa mama. Watu wengi wanaanza na ya kwenda, na ndiyo sababu wengi wanapiga simu kwa ndugu wakiwa wamekwama. Kwenda 110. Kulala na kula 110. Zawadi 20. Na bahasha moja ya dola 50 waliyoiita «ya kungoja». Tulimcheka kwa hiyo. Hatucheki tena.

Kwa nini Dodoma? Mtu akisikia mashamba ya zabibu anafikiri Ufaransa au Afrika ya Kusini, kule Stellenbosch, na kufika huko ni ndege, viza, na hoteli zinazopanga bei kwa ajili ya wazungu. Dodoma iko upande ule wa ziwa letu. Unavuka mpaka Kigoma, na Kigoma ndiyo mwisho wa reli ya kati waliyoifikisha Wajerumani mwaka 1914. Bidhaa za Kongo zimepita humo tangu wakati wa Wabelgiji. Toka Kigoma mpaka Dodoma ni karibu kilomita 800, usiku na mchana ndani ya treni, na hakuna tiketi ya ndege.

Sasa ziwa. Kati ya mwezi wa tano na wa tisa upepo wa kusini unapiga Tanganyika kwa nguvu, nasi tunajua wajane wangapi wametokana na upepo huo. Hawa ni baba na mama wa watoto sita, wote wawili ndani ya boti moja. Mama mmoja mzee wa kikundi aliwaambia: vukeni kila mtu na boti yake. Walikataa, wakasema basi si safari ya wawili tena. Badala yake waliweka sharti: hakuna kupanda boti iliyojaa kupita kiasi, hakuna kuvuka bila jaketi ya kuokolea mikononi mwao kabla ya kuondoka, na kama upepo umeamka, wanarudi nyumbani kulala. Boti ya kwanza waliikuta imejaa magunia mpaka ukingoni, na watu juu ya magunia. Wenye boti wakaapa kwamba hakuna shida. Hawakupanda. Siku ya pili upepo. Siku ya tatu walivuka. Kwa hiyo treni waliyoipangia iliwaacha, na treni ile haiondoki kila siku. Wakalala Kigoma usiku mbili zaidi. Bahasha ya kungoja ndiyo iliyolipa. Boti ile ya kwanza ilifika salama, na kuna wanaosema walipoteza pesa bure. Sisi tunasema dola 50 kwa ajili ya watoto sita ni rahisi.

Siku hizo mbili hawakukaa chumbani. Walikwenda Ujiji kwa daladala, pale ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, wakala migebuka ya kuchoma chini ya miembe. Baba alisema samaki ni ule ule wa kwetu, lakini hapa hakuna mtu anayemwita aje kutengeneza gari.

Jambo moja la treni ambalo hakuna aliyewaambia. Chumba cha kulala cha daraja la pili kina vitanda sita, na wanawake wanalala kwao, wanaume kwao. Wakitaka kulala pamoja lazima walipe chumba kizima. Wakaenda kwa viti, bega kwa bega, shingo zikawauma. Kurudi, kwa sababu ya uchovu, walichukua vitanda mbalimbali, na baba alikuja kila stesheni kubwa kugonga mlango na mahindi ya kuchemsha au kuku aliyemnunua dirishani. Wanawake wa chumba kile walimwita bwana harusi.

Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, karibu mwezi wa pili na wa tatu, na tena wa nane na wa tisa. Ulaya wanavuna mara moja kwa sababu baridi inaulaza mzabibu. Huku hakuna baridi ya kuulaza, basi mkulima anaukata matawi, anaupumzisha, nao unachipua tena. Mizabibu ilifika na wamisionari Wakatoliki waliohitaji divai ya misa. Leo wengi wanaolima ni wakulima wadogo, kwenye udongo wa mchanga kati ya mibuyu, vijiji kama Hombolo, Mpunguzi na Bihawana. Kuna zabibu nyeusi inayoitwa Makutupora, jina la mahali pale pale.

Njia ya pesa kidogo ni hii: usianze na kiwanda cha divai, anza na shamba. Hawa walipanda daladala mpaka Bihawana, wakamwamkia mama mmoja aliyekuwa anavuna, wakaomba kununua kilo mbili. Aliwakaribisha ndani ya mistari, akawaonyesha namna ya kukata kichala bila kuumiza mti. Walikaa saa tatu. Alijua mara moja kwamba wametoka Kongo: sisi tukisema bukari, wao wanasema ugali, sombe yetu ni kisamvu chao. Kwa bei ya zabibu walipata shamba, mwalimu, na mlenda wa mchana.

Na divai? Jioni ya siku ya kuzaliwa walinunua chupa moja, ya pale pale. Baba ana shinikizo la damu, alikunywa nusu glasi. Mama hakupenda, alisema munkoyo ni tamu kuliko hiyo. Kwa anayeogopa kwamba safari hii ni ya ulevi: wale wanaolewa mtaani kwetu kwa lutuku hawajawahi kuvuka ziwa.

Wanaotaka kwenda, shikeni haya. Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima, na pasipoti; ulizeni ofisi ya uhamiaji kabla ya kulipa chochote. Badilisheni dola kuwa shilingi benki, si kwa vijana wa bandarini. Dodoma ni mji mkuu: Bunge likikaa, vyumba vya gesti vinajaa na bei inapanda, hata karibu na tarehe 8 mwezi wa nane, sikukuu ya wakulima, ni hivyo. Ulizeni Bunge linakaa lini kabla ya kuchagua juma.

Walirudi na dola 7 na chupa nyingine. Watoto walikuwa kwa shangazi yao, mmoja alipata malaria, akatibiwa, mama hakuambiwa mpaka aliposhuka botini. Alikasirika sana, na bado tunabishana kama shangazi alifanya vizuri.

Kikundi cha Jumatano kimeuliza kuhusu mavuno ya mwezi wa pili. Wamehesabu: wamama sita wanajaza chumba kimoja cha vitanda. Wababa hawajaambiwa bado.