Mdogo wetu anashika tanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme jambo la nyumbani kwetu Uroa.

Mdogo wetu wa mwisho ana ulemavu wa akili. Skuli moja ilimrudisha ikisema hafundishiki. Tangu utotoni anataka kitu kimoja tu, kuendesha ngalawa, na marehemu mama alikataa kwa hofu ya bahari.

Mwaka jana sisi ndugu zake watatu tukakubaliana tumfundishe. Majina ya kamba yalikuwa yanampotea, basi dada akafunga kitambaa chekundu kwenye henza na cha kijani kwenye demani. Rangi hazimpotei. Kwa miezi saba tulikwenda naye ndani ya mwamba tu, maji yakijaa, mmoja wetu amekaa nyuma kimya. Wallahi, kunyamaza ndiko kulikotushinda zaidi. Siku alipopandisha tanga na kurudi pwani mwenyewe hakupiga kelele. Aliwatazama wanawake wa mwani kama wamemwona. Walimwona.

Hatuko peke yetu. Eunice Kennedy Shriver, aliyeanzisha michezo ya Special Olympics ya watu wenye ulemavu wa akili huko Chicago mwaka 1968, naye alikuwa na dada mwenye hali kama ya mdogo wetu, Rosemary. Na Zanzibar tuna sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu 2006.

Ombi langu ni kwa waandaaji wa resi za ngalawa: wapeni vijana wenye ulemavu kama wake nafasi, japo mzunguko mmoja mfupi. Wetu yuko tayari, na vitambaa vyake tutakuja navyo.

Msomaji wako,
Uroa, Kusini Unguja