Boga la Agosti na Macho ya Mtoto

Mvua za masika zikishakatika, na jua la Julai likakausha mabua ya mahindi, masoko ya Uganda hubadilika sura. Ifikapo Agosti maboga hupangwa chini na viazi vitamu huuzwa kwa mafungu makubwa, kwa kuwa wakulima wengi huvuna wakati mmoja.

Hata hivyo wako akina mama wa kambini ambao hulipita boga bila kulitazama, wakaenda kununua mkate mweupe. Boga hudhaniwa kuwa chakula cha wasiojiweza. (Baba naye humwongezea mama shida, maana akiliona mezani huuliza nyama iko wapi.)

Dharau hiyo yaweza kuleta hasara kubwa. Ile rangi ya manjano iliyokolea ndani ya boga hugeuzwa na mwili kuwa vitamini A. Mtoto anayeikosa kwa muda mrefu huanza kushindwa kuona jioni. Hujikwaa, hukataa kutoka nje giza likiingia, na wazazi humkaripia wakidhani ni mzembe. Askari aliyesimama lindo usiku anajua thamani ya jicho linaloona gizani. Mtoto huyo hawezi kujieleza. Baadaye jicho hukauka, na likiachwa laweza kupofuka kabisa, hasa mtoto akipatwa na surua. Dalili hizo zikionekana, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Asingojewe kuponywa na boga. Matone ya vitamini A yanayotolewa kila miezi sita kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 nayo yasikoswe.

Viazi vitamu vyeupe hushibisha, lakini kwa jambo hili havifai kitu. Vinavyotakiwa ni vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Aina mbili za namna hiyo, Vita na Kabode, zilitolewa kwa wakulima wa Uganda mwaka 2007, na mtaalamu wa Uganda, Robert Mwanga, alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kuboresha mazao yenye lishe. Boga au viazi hivyo viliwe pamoja na mchuzi wa karanga au mafuta kidogo, kwani pasipo mafuta mwili huipokea vitamini hiyo kwa shida.

Kwa kuwa mshahara huja mwisho wa mwezi, inafaa kununua maboga kadhaa kwa pamoja wakati huo. Lichaguliwe lile ambalo ukucha haupenyi ganda lake na ambalo kikonyo hakijang'oka. Likiwekwa juu ya ubao mahali pakavu penye hewa, hukaa miezi. Watu wa Teso hukata viazi vipande na kuvianika, wakaviita amukeke. Ni akiba nzuri ya tumbo, lakini vitamini A hupungua sana kwa jua na kwa kukaa ghalani. Kwa ajili ya macho, boga zima ni bora.

Majani machanga ya mboga hiyo humenywa nyuzi na kupikwa. Mbegu nazo zisitupwe: huoshwa, hukaushwa, hukaangwa kwa chumvi kidogo, na baba aliye zamu ya usiku huzitia mfukoni.