Mwasho Chini ya Mfuko



Alitujia binti mmoja baada ya sala ya laasiri, akasimama upande wa mlango wa madrasa, akatuletea suali la mamake. Mama huyo alipasuliwa utumbo, na tangu hapo haja kubwa humtoka kwa tundu lililofunguliwa tumboni, ikaingia katika mfuko uliobandikwa kwa gundi. Suali lilikuwa fupi: ngozi iliyo chini ya gundi yamwasha mno, hata ndani ya sala hujikuna, je, sala yake yasihi?

Tulimjibu kama tulivyosomeshwa, kwamba kujikuna kidogo kwa haja hakubatilishi sala, na aliyeshindwa kabisa kuustahimili mwasho ana udhuru wake. Kisha tukaongeza neno ambalo hadi leo twalijutia. Tulimwambia binti amwambie mamake asubiri, kwani maradhi ni kafara.

Subira ni ibada, na neno hilo hatulirudishi. Kosa letu ni kumpa subira mtu aliyehitaji muuguzi. Ahli yetu alipokwenda kumzuru, alimkuta mama hajahudhuria arusi wala darsa kwa miezi mitatu, amejitenga kulala chumba cha peke yake, na ngozi ya tumbo imechubuka hata inatoka maji. Yeye alidhani mwasho ni sehemu ya ugonjwa ambayo haina dawa, na sisi kwa jibu letu tulikuwa tumemthibitishia.

Alipopelekwa kwa muuguzi anayejua kazi hii, jambo la kwanza aliloambiwa ni kuwa tundu lenyewe, lile jekundu lenye unyevu kama ndani ya shavu, halina hisia ya maumivu. Kinachowasha ni ngozi iliyolizunguka, na ngozi haiwashi bila ya sababu. Kwake yeye sababu ilikuwa kipimo. Tundu hutoka katika operesheni likiwa limevimba, kisha hunywea kwa muda wa wiki 6 hadi 8. Mama alikuwa bado akilikata bamba la gundi kwa kipimo cha siku ya kwanza, kwa hivyo palibaki uwazi, na choo kikawa kinakaa juu ya ngozi tupu usiku na mchana. Choo kitokacho kwenye utumbo mwembamba ni chepesi na kimebeba maji yanayosaga chakula, na maji hayo huila ngozi kama yanavyokula nyama iliyo tumboni. Dawa yake ilikuwa kulipima tundu upya na kukata bamba likaribie kabisa, pabaki nafasi ya milimita 2 au 3 tu.

Lakini lilikuwako na jambo la pili, na hili akina mama wa pwani tulisikilize vizuri. Kila mwasho ulipozidi, mama alipaka mafuta ya nazi, na siku nyingine liwa iliyorojwa kwa marashi, kama alivyofanyiwa utotoni alipotokwa na vipele vya joto. Nia ilikuwa njema. Gundi, hata hivyo, haishiki juu ya mafuta. Bamba lilikuwa likiachia pembeni, choo kikipenya, mwasho ukirudi, naye akipaka tena. Sabuni za manukato, spiriti, dawa za kuulia vijidudu na vitambaa vyenye mafuta vya kupangusia watoto vina matata hayo hayo. Panaposafishwa yatosha maji ya vuguvugu na kitambaa laini, kisha ngozi ikaushwe vyema kwa kuigusagusa bila ya kuisugua, kwa sababu gundi juu ya unyevu pia haikai.

Kubandua nako kuna adabu yake. Wengi huuvuta mfuko kwa pupa ili wamalize, na ngozi ya juu ikaondoka nayo. Ishikilieni ngozi kwa mkono mmoja, bamba libanduliwe polepole kutoka juu kwenda chini, kwa maji ya vuguvugu au kwa dawa maalumu ya kulegeza gundi kama yapatikana. Ngozi ikiwa imechubuka na ina maji, hunyunyizwa poda ya stoma kidogo, inayobaki ikapanguswa, ndipo bamba likabandikwa. Poda ikiwa nyingi, gundi haishiki.

Mwasho una sura nyingine pia. Wekundu ukichora umbo lile lile la bamba, huenda mwili umeikataa gundi ya aina hiyo. Hapo muuguzi hubandika kipande kidogo cha aina nyingine upande wa pili wa tumbo, akakitazama baada ya siku moja au mbili. Vipele vidogo vidogo vilivyotawanyika pembeni mwa wekundu mara nyingi ni fangasi, na hawa hupenda joto na jasho. Katika siku za kaskazi, mtu akiwa na buibui juu ya dera, hawapungukiwi na vyote viwili. Fangasi wana dawa yao, nayo daktari huchagua isiyo na mafuta. Wanaume wenye nywele tumboni hupata vipele kwenye mashina ya nywele, nao wazipunguze kwa uangalifu. Na mwasho au moto ukianza ghafla chini ya bamba lililobandikwa juzi, usiongezwe utepe juu yake. Libanduliwe siku ile ile, kwani huenda choo kimeshapenya.

Twajua jambo linalowazuia wengi kufanya hivyo: bei. Wako wanaoubana mfuko mmoja siku nyingi kupita kiasi, na wako wanaofunga matambara na karatasi za nailoni. Jamaa wanaoulizana sadaka ya mwezi huu ielekee wapi, wamwulize kwa siri mgonjwa wa mtaani mwao anatumia aina gani ya mfuko, kwa kuwa aina ni nyingi na isiyomfaa itabaki kabatini.

Kwenu waume tuna neno moja. Mama huyu hakuhama chumba kwa kuamrishwa. Alihama kwa sababu siku moja mumewe alifungua dirisha bila ya kusema kitu. Mume ana ruhusa ya kuona na kusaidia, na mkono wake wa kushikilia kioo wakati wa kubandika wafaa kuliko maneno mengi.

Tumalizie na yale tuliyoulizwa baada ya habari hii kuenea kwa akina mama. Tohara ya mwenye mfuko wanazuoni wameikisia na ya mwanamke mwenye istihadha: wakati wa sala ukiingia, humwaga kilichomo mfukoni na kujisafisha awezavyo, hutawadha, akasali bila ya kuchelewesha, na hutawadha tena kwa kila faradhi. Halazimiki kubandua bamba kila sala, maana kubandua mara tano kwa siku ndiko kutakakoichuna ngozi, na dini haikumtaka ajidhuru. Ama josho la hedhi au janaba, likiweza kulinganishwa na siku ya kubadilisha mfuko, abandue na ajimiminie maji mwili mzima. Maji safi hayalidhuru tundu. Isipowezekana, na ngozi ni mbovu hata daktari amekataza kuigusa, hukumu yake yaelekea kwenye ile ya bandeji juu ya jeraha, na kwa hilo mtu aje na hali yake mwenyewe atuulize, au amtume binti yake. Wallahu aalam.